Abiria au Mwendeshaji

…abiria au mwendeshaji, ameuliza hivyo tu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayekuuliza chai ya maziwa au ya rangi, na mimi badala ya kujibu nimeinama nachakura mkoba kana kwamba jibu nimeliweka humo kati ya leso na chupa ya maji, bahati yangu Dar wamemwambia asubiri kwenye laini, kwa hiyo Nasrin, binti wa bima, naye ameibana simu kati ya bega na sikio, mtandio umemteleza kidogo, ananitazama anatabasamu, "Usijali dada Shamsia, kaka wa makao makuu anatuangalizia," na ndani ya ile simu nasikia kamuziki, kale kanakofika mwisho kisha kanaanza upya, feni juu inazunguka inavuta hewa ya moto kutoka barabarani, na swali liko palepale mezani… swali jepesi, wala si la kufikiria, mimi ni mwendeshaji, nenda Kiwangwa umuulize yeyote, tangu halmashauri iliponikabidhi ile pikipiki watoto wa shule wakisikia mlio tu wanajua bibi shamba anapita, masika na kiangazi, nimeipitisha kwenye matope ambayo hata trekta liligoma, nimebeba magunia ya machipukizi ya mananasi nyuma, nimembeba mke wa Haji Mohamedi amelala mgongoni kwangu anasaga meno kwa uchungu hadi zahanati, mtoto akazaliwa salama, sasa leo niseme mimi ni abiria, abiria wa nani… lakini ukisema mwendeshaji ndipo mambo yanapokwama, hilo nimeshalijua, hii ni ofisi ya nne, ya kwanza kule Dar kijana alinigeuzia kompyuta nisome mwenyewe, bima ya safari ya nje, inalipia ugonjwa, inalipia mzigo uliopotea, inalipia hata safari ikiahirishwa, halafu chini kuna yale wasiyolipia, na pikipiki imewekwa kundi moja na kuruka angani kwa mwavuli na kupanda majabali kwa kamba, michezo ya hatari, nikamwambia, mdogo wangu, kwetu bwana harusi anakwenda kuoa kwa pikipiki, mgonjwa anapelekwa kwa pikipiki, mbuzi wa akika analetwa kwa pikipiki, huo ni mchezo gani, akacheka, akasema anti ni kweli, lakini ndivyo ilivyoandikwa, na wa pili wakasema wanalipia ila injini iwe ndogo, na ile ninayokwenda kupewa huko Uganda ni kubwa kidogo, na wa tatu wakasema wanalipia ukiwa kwenye lami, kwenye lami! mananasi yanalimwa kwenye lami?… wote lakini, wote wanne pamoja na huyu Nasrin, wamekubaliana jambo moja, ukipanda nyuma unalipiwa, ukikaa nyuma ya mtu usiyemjua, mtu uliyemkuta njia panda kavaa ndala, hujui amelala au hajalala, hujui breki zake zikoje, hapo una bima, ukianguka watakutibu, watakuleta nyumbani, ukiendesha mwenyewe kwa mikono yako hii unayoiamini, huna.

Simu yangu inatetemeka ndani ya mkoba, ni Twalib, mume wangu, ameandika "Umefikia wapi? Sema abiria tu yaishe, nani atajua," na mwisho ameweka kile kikatuni cha kucheka, Twalib si mtu wa uongo, ila ni mtu wa kutaka jambo liishe, jana usiku kabla ya kulala ameniambia vilevile, safari yenyewe ni wiki ijayo, wenyeji wameshasema bila bima hawampokei mtu, tiketi imeshakatwa, na wakulima wa Kiwangwa wananisubiri mimi, nikajifunze wenzetu wanavyoyakausha, maana msimu ukifika mananasi yetu yanaozea pembeni mwa barabara ya Msata, yanarundikwa kama mawe, magari yanapita hayasimami, na mama mwenye nyumba nitakayofikia kule Kayunga amenipigia mwenyewe, Kiswahili chake cha kukwaruzakwaruza lakini tunaelewana, "Dada, mashamba yetu ni mbali mbali sana, pikipiki iko, tulisikia wewe ni dereva mzuri," nikajisikia kuvimba kichwa, kwenda nchi ya watu ukakuta sifa zako zimetangulia… "Eh, niko hapa, nasubiri," Nasrin anasema kwenye simu, kisha ananiangalia, "Leseni yako ni daraja A, sio?" Ndiyo, daraja A, haijaisha muda, na kofia ngumu ninayo, nzima, si ile ya kuazima, na gari dogo pia leseni ninayo ila gari sina, anaandika, kucha zake zina hina ya harusini, za mkono mmoja zimeanza kufifia, mtoto mzuri huyu, nilipoingia ameniamkia shikamoo yake kamili na kunivutia kiti, hana kosa lolote, si yeye aliyetunga masharti, na mimi nikisema abiria ataandika abiria, atapiga muhuri, nitatoka, nitakunywa maji ya dafu pale nje, nitarudi Kiwangwa mapema, nani atajua… nani atajua, Twalib anasema, kweli hakuna atakayejua, mpaka siku ukianguka, ukianguka wanaanza kuuliza, hapo ndipo wanapoanza kujua kuuliza, wanamtafuta yeyote, wanampigia hata mama yako.

Walimpigia mama. Sitaki kulifikiria hilo hapa ofisini kwa watu lakini limeshaingia, haliombi ruhusa… Ausi, kaka yangu, aliyekuwa kule pwani ya Kenya, karibu na Msambweni, anafunga taa za sola nyumba kwa nyumba, mwajiri alimpa pikipiki na akamkatia bima ya safari, Ausi mwenyewe alituambia, "Nina bima bwana, mimi sasa mtu wa daraja," akatuchekesha, kumbe ndani ya hiyo bima yake lilikuwemo lilelile, ukibebwa unalipiwa, ukiendesha hulipiwi, mwajiri alijua au hakujua Mungu ndiye ajuaye, Ausi hakujua, sisi huku Mkange tungejulia wapi, akagongwa na lori la mchanga, mguu ukavunjika vibaya, akalazwa hospitali ndogo ya huko, daktari akasema apelekwe Mombasa haraka, mguu huu ukicheleweshwa haufai, ikawa inasubiriwa kampuni ya bima ikubali itume gari la wagonjwa… na sisi tuko nyumbani kwa mama, mimi, na Dija mke wake Ausi, tumekaa mkekani, hakuna aliyekula tangu asubuhi, mama anapeta mchele maana mikono yake haikai bure, ungo unapanda unashuka, simu ikalia, namba ya Kenya, mama akaniambia niweke sauti kubwa tusikie wote, na sauti ikaja, ya mwanamume, Kiswahili safi, cha adabu, "Shikamoo mama. Pole sana kwa yaliyomfika kijana wetu," mama akajibu marahaba baba, tushapoa, mwanangu anaendeleaje, akasema madaktari wanamhudumia, wasiwasi ondoa, "nina kaswali kadogo tu ka kukamilisha taarifa. Huku kazini kwake, kijana huwa anabebwa kwenye pikipiki, au anaendesha mwenyewe?" na mama… ungo ukasimama hewani, mama akanyoosha mgongo, namwona mpaka sasa, akasema, "Anaendesha mwenyewe, baba, tena anaendesha kwelikweli. Mkange nzima hii hakuna anayempita." Yule bwana akasema, "Ahsante sana mama. Umenisaidia sana."

Umenisaidia sana, hivyo ndivyo alivyosema, na jioni Dija akapokea ujumbe kwamba kwa mujibu wa masharti kampuni haitahusika, gari la wagonjwa halikuja, Mombasa hakupelekwa, mimi na Dija tukatokea Msata tukapanda basi la Tanga, tukavuka mpaka Horohoro, tulipofika Ausi ana homa kali, mguu umeshabadilika rangi, na mchango wa ndugu ulipopatikana wa kumhamisha kazi iliyobaki ilikuwa ni kuukata, wakaukata chini kidogo ya goti… sasa Ausi yuko Mkange, anatengeneza redio na sola za watu chini ya kibanda, anakaa kwenye kiti cha plastiki, akitaka kwenda Msata anaita bodaboda anapanda nyuma, sasa ndiyo amekuwa abiria kweli… na mimi nilimwambia mama, nililisema, halikukaa moyoni, ilikuwa siku tuliyomrudisha Ausi nyumbani, watu wameondoka, mama yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, nikasimama mlangoni nikamwambia, "Mama, neno moja tu. Ungesema anabebwa," hakuinua uso, aliendelea kukuna nazi ile hata pale ilipofika kwenye kifuu, chakachaka za kifuu kitupu, na Ausi kutoka ndani akapaza sauti, "Mwache mama. Hata mimi ningeulizwa ningesema hivyohivyo," nikaona huyu naye anamtetea tu kwa kuwa ni mama, nikanyamaza, lakini kunyamaza si kusamehe, nimekwenda Mkange kila mwezi tangu hapo, nampelekea sukari, nampelekea dawa zake za presha, namwamkia, tunazungumza habari za mvua na za mazao, na kila nikimtazama lile neno linapita baina yetu kama kuku aliyeingia sebuleni, kila mtu anamwona, hakuna anayemfukuza… "Dada Shamsia," Nasrin ananiita, kumbe ananiita mara ya pili, amefunika simu kwa kiganja, "huyu kaka anasema abiria ni papo hapo, natoa sasa hivi. Mwendeshaji ipo nyongeza yake, lakini mpaka bosi wake aidhinishe, na hajui kama kwa injini ya ukubwa huo atakubali. Nimwambieje?" subiri mdogo wangu, nipe dakika, "Haya dada, chukua muda wako," na anageukia mlango, kuna bwana ameingia kuulizia bima ya bajaji, anamwelekeza kiti, na kamuziki kanaanza upya.

Nimwambie nini, abiria ni papo hapo, ulimi ushalipata lile neno, a-bi-ri-a, uko tayari, na halitoki, halitoki na si kwa sababu ya uchamungu, nisijisifu bure, nimeshasema uongo mdogo mdogo mwingi tu maishani, nimewaambia wakubwa wa halmashauri mbegu zimefika wakati ziko njiani, ila hili halitoki kwa sababu nyingine, nalionea haya, naona kama nikilitamka nitakuwa nimeshuka kwenye pikipiki yangu mwenyewe nikampa mtu usukani nikakaa nyuma nimemshika kiuno, mimi, niliyejifunza kwa kuanguka, niliyechekwa na wanaume wa Kiwangwa nzima pale sokoni, mwanamke na baibui kwenye pikipiki, Yusuf mwenye mashine ya kusaga akasema huyu ataiua siku mbili, na sasa Yusuf huyohuyo akiwa na mgonjwa ananitafuta mimi, jina hilo la mwendeshaji nililitafuta, nikalipata, ni langu, halafu nije nilikane mbele ya mtoto huyu kwa ajili ya muhuri… na hapo ndipo inanijia, naona kama kuna mtu kanishika bega, ile siku, ule mkeka, ule ungo uliosimama hewani, mama aliposema Mkange nzima hakuna anayempita, mimi nilicheka. Nilicheka. Siku nzima hatukuwa tumecheka, roho ziko juu juu, na mama aliposema vile nilimtazama Dija na Dija akanitazama tukacheka, kwa sababu ilikuwa kweli, kwa sababu tulimwona Ausi vilevile kama mama alivyomwona, ameinama kidogo kwenye kona ya Miono, shati limejaa upepo, ilikuwa kama yule bwana ametuuliza mwanenu ni mzima na sisi tukajibu ni mzima, ndiyo, yeye ndiye yule… hakuna aliyesikia hatari yoyote katika swali lile, si mama, si Dija, si mimi niliyesoma mpaka chuo cha kilimo, ningeulizwa mimi ningejibu mbio kuliko mama, hasira yangu ilikuja jioni na ujumbe, ikamkuta mama yupo karibu, yule bwana wa adabu yuko mbali, hana sura, mwajiri hapokei simu, masharti yameandikwa na watu nisiowajua, mama yupo hapa anakuna nazi, ikamwangukia yeye… na Ausi hakuwa anamtetea, Ausi alikuwa anasema kweli yake, angesema hivyohivyo, na mimi leo hii, na bima nimeshaijua ndani nje, na mguu wa kaka yangu nimeuona kwa macho, bado neno abiria halinitoki, sasa mama alikuwa alitoe vipi, mama ambaye hakujua hata kwamba kuna jibu la kukosea.

"Mwendeshaji," nasema. Nasrin anainua macho. "Mwambie ni mwendeshaji, naendesha mwenyewe, barabara za vumbi, mashambani, na injini ni hiyohiyo niliyokutajia. Amuulize huyo bosi wake." Anasema, "Sawa dada. Na wakikataa?" wakikataa nitawapigia wenyeji niwaambie wanitafutie gari au mtu wa kunibeba, na huyo wa kunibeba nitamwona kwanza anavyoendesha, au nitatafuta ofisi ya tano, "Wakikataa nijue wamekataa," namwambia, anatikisa kichwa kukubali, anaieleza simu, "Ni mwendeshaji kaka… ndiyo, yeye mwenyewe… ndiyo, mwanamke," anasikiliza, "kwani mwanamke kuna nyongeza?" na bwana wa bajaji anacheka pale kitini, na mimi pia, kisha Nasrin ananyoosha kidole kuomba tuendelee kusubiri, bosi anatafutwa, na wakati tunasubiri anavuta kibodi, "Basi tumalizie hapa. Mtu wako wa karibu ni nani, yule tutakayempigia likitokea lolote, Mungu aepushe?" Mungu aepushe, nasema, Twalib, nataja namba ya Twalib, anaandika, "Na wa pili? Inataka wawili," wa pili… mama, mdomo unasema mama kabla sijafikiri, halafu nafikiri, mama ana tabu moja, namba asiyoijua hapokei, inaita mpaka inakata, na kama mtu yuko karibu anamtupia ile simu kana kwamba imemuunguza, siku moja nimemkuta anamkabidhi Bi Samia jirani, wala si ndugu, "Pokea wewe, mimi sijui watakachouliza," na sisi tukamcheka, tukasema mama ameshazeeka, mama anaogopa matapeli, wale wa tuma hiyo pesa kwenye namba hii, nikamwekea namba za watoto wote kwa majina makubwa ili azijue… sijui watakachouliza, alisema hivyo, mbele yangu, nami nilisikia nikacheka, na miaka yote hii nimeiita ile uzee… mama hajazeeka, mama anahesabu mbegu kwa kichwa, mama anajua siku za kuzaa za mbuzi wake, mama ameacha kupokea simu kwa sababu mara ya mwisho alipomjibu mgeni kwa moyo mweupe aliambiwa ahsante umenisaidia sana, na mimi nikasimama mlangoni nikamalizia.

"Dada? Namba ya mama?" kamuziki kanapiga, feni inazunguka, bwana wa bajaji anajipepea kwa gazeti, bosi wa Dar bado hajapatikana, na mimi namtajia Nasrin namba ya mama polepole, tarakimu kwa tarakimu, aisome tena tuhakikishe, kwa sababu nimeshajua nitakachofanya, Ijumaa nitakwenda Mkange, si kwa sukari wala dawa, nitakaa chini mkekani kabla hata ya maji ya kunywa, nitamwambia mama lile la mlangoni nililisema kwa ujinga, halafu nitamwambia nasafiri, na kuna watu huenda wakakupigia, namba pengine hutaijua, ya ofisi nimekuhifadhia lakini huenda wakatumia nyingine, pokea mwenyewe mama, usimpe Bi Samia, wakikuuliza lolote wajibu kama unavyojua, lolote mama, nimeshawaambia yote, hakuna utakalosema likaniponza… "Imeenda tena kwenye kusubiri," Nasrin anasema, anasikitika kwa niaba ya Dar yote, "samahani dada," si kitu, namwambia, si kitu kabisa mdogo wangu, tusubiri.